Ukimhamisha Mtu, Msaidie Kubeba Mizigo

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wapo walionitumia ujumbe kuuliza kama bado nipo hai. Nipo. Kazi za chumba cha habari hazijui Jumapili wala sikukuu, nanyi mnalijua hilo. Leo nimepata jioni moja tulivu, umeme upo, chai ipo mezani, basi nikaona nitoe dukuduku ambalo limenikaa rohoni muda mrefu.

Linamhusu dada yangu. Dada ana duka la steshenari jirani na chuo kimoja hapa Dar. Anachapa kazi za wanafunzi, anatoa kopi, anaskani vyeti, na siku hizi anawajazia watu fomu za maombi ya ajira mtandaoni. Ana kompyuta mbili, zote za mitumba kutoka Kariakoo. Majuzi kanipigia simu saa mbili usiku. Baada ya salamu na habari za watoto, akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba kitu ambacho hapendi kukiomba:

"Mdogo wangu, hivi ile Linux yako bado ipo?"

Nikanyamaza kidogo. Dada huyu huyu mwaka 2019 aliniambia nisiguse tena kompyuta ya dukani kwake. Na alikuwa na haki.

Ngoja niwasimulie, maana kisa chenyewe ndiyo mada ya leo. Wakati ule kompyuta yake ilikuwa inaugua kila wiki. Wanafunzi wanakuja na flashi zao, ukichomeka tu, mafolda yote yanageuka shotikati. Mnaukumbuka ugonjwa huo. Fundi anaitwa, anapiga Windows upya, ile ya kunakili isiyo na leseni, anachukua elfu kumi na tano yake, wiki ijayo anaitwa tena. Mimi nilikuwa nimeingia kwenye programu huria hivi karibuni, nina moto wa muumini mpya. Nikaenda dukani Jumapili na flashi yangu. Nikampigia dada mahubiri ya nusu saa kuhusu uhuru, kuhusu makampuni makubwa, kuhusu haki ya mtu kujua kilichomo ndani ya kompyuta yake. Dada alikuwa anapanga karatasi, anaitikia "mh, mh". Nikafuta diski nzima, nikaweka Ubuntu, nikabadilisha picha ya nyuma ikawa nzuri, nikaondoka nikijiona mkombozi.

Jumatatu asubuhi duka likafunguliwa. Printa ilichapa, lakini skana yake haikuonekana kabisa. Mwanafunzi akaja na utafiti wake wa kurasa 62, ukafunguka ukiwa na kurasa 65, jedwali limekatika katikati, fonti aliyoitumia haipo. Kadi za harusi ambazo dada alikuwa amezitengeneza kwa Publisher zikafunguka zimetawanyika kama njugu zilizomwagika. Kufika saa nne wateja wanahamia duka la pili.

Hayo yote yangesameheka. Lisilosameheka ni hili: kabla ya kufuta diski nilinakili folda la nyaraka. Sikunakili vitu vilivyokuwa kwenye uso wa kompyuta, pale ambapo ninyi na mimi na kila mtu huwa tunaweka kila kitu. Hapo ndipo dada alipokuwa ameweka daftari la madeni ya wateja. Na hapo ndipo zilipokuwa picha za arobaini ya bibi yetu, zilizopigwa kwa simu ambayo ilishaibwa.

Dada hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Umemaliza?" Halafu akampigia fundi wake.

Nimelisimulia hili kwa sababu naona watu wengi wazuri, wenye nia njema, wakilirudia kosa langu, na hivi sasa wanapata nafasi nyingi za kulirudia. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Maana yake, kompyuta inawaka kama jana, lakini matundu mapya ya usalama yakigunduliwa hayazibwi. Waliojiandikisha kwa utaratibu maalumu waliongezewa masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Ambao nakala zao ni za kunakili mjue wenyewe mlipo. Utasema, si wahamie Windows 11? Hiyo inataka kompyuta yenye kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, karibu zote zinazokubalika ni za kizazi cha nane na kuendelea. Sasa nenda Kariakoo ukaangalie laptopu za mitumba. Utakuta za kizazi cha nne, cha tano, cha sita, zilizotupwa na ofisi za Ulaya, bado zina nguvu kabisa ya kuchapa barua na kufungua barua pepe. Mashine hizo hazijafa. Zimenyimwa ruhusa tu.

Ndiyo maana dada alinipigia. Kuna maandishi yalitokea kwenye kioo akayasoma mara tatu, akamuuliza fundi, fundi akamwambia anunue kompyuta mpya. Kwa pesa ipi?

Kwa hiyo sikatai hata kidogo kwamba wakati wa kuwashauri watu kuhusu programu huria ni huu. Ninachosema ni kwamba tunashauri vibaya. Tunamshauri mtu kama tunavyobishana Simba na Yanga. Anayetaka kushinda mabishano anaongea tu, lakini anayemhamisha mtu nyumba inabidi aje na mkokoteni.

Kwa ambao ni wageni, nieleze kidogo, na wenye kujua mnivumilie. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuziruhusu programu nyingine zifanye kazi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka mfumo ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuufungua aone ulivyoandikwa, kuubadilisha na kumgawia jirani. Mwaka 1991 kijana wa Kifini, Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Helsinki, akatangaza kiini cha mfumo ambacho leo tunakiita Linux. Viwili hivyo vikaoana. Ukiona ni jambo la mbali, toa simu yako mfukoni. Kama ni Android, ndani yake kuna kiini cha Linux. Na kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zile za kutabiri hali ya hewa na kazi za kisayansi, tangu Novemba 2017 zote zinaendeshwa kwa Linux. Kwa hiyo anayekwambia ni mchezo wa wanafunzi wa kompyuta hajui anachokitumia mwenyewe kila siku.

Na sisi hatukuwa watazamaji. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, na jina lenyewe hahitaji Mswahili kutafsiriwa: ubuntu ni utu. Hadi mwaka 2011 ukiomba CD walikutumia kwa posta bure. Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hakuna aliyelazimika kwenda kupiga magoti kwenye ofisi ya mtu Marekani kuomba kibali cha kuitafsiri. Mlango ulikuwa wazi, watu wakaingia wakafanya kazi. Mimi hapo ndipo ninapoelewa neno uhuru katika habari hizi. Maneno mengine yote naona ni mapambo.

Lakini dada yangu hakuwa na shida ya uhuru siku ile. Alikuwa na shida ya skana. Na mtu ambaye hujaitatua shida yake ya skana hawezi kukusikiliza ukimweleza habari za uhuru.

Basi safari hii nilikwenda kwa utaratibu mwingine, na huo ndio ninaowapendekezea wote wenye dada, mjomba, shemeji au bosi mwenye kompyuta ya zamani.

Kwanza nilikwenda bila flashi. Nikakaa dukani tangu asubuhi hadi mchana, nikaandika kila anachokifanya dada kwenye kompyuta. Kuchapa Word. Kuskani vyeti. Kadi za harusi. Kuingia kwenye mfumo wa maombi ya ajira. Kuhamisha picha za pasipoti kutoka kwenye simu. Madeni kwenye Excel. Ukiwa na orodha hiyo unajua unachotakiwa kukijaribu, na unajua pia pa kusema "hapa usihame". Wapo ambao jibu la kweli ni wabaki walipo. Mhasibu ambaye ofisi yake inatumia programu inayokwenda kwa Windows tu, abaki. Mbunifu anayeishi ndani ya Photoshop na kutumiana mafaili na wenzake kila siku, abaki, au awe na kompyuta ya pili. Ukimdanganya mtu kwamba kila kitu kitafanana, ataugundua uongo wako Jumatatu saa tatu asubuhi, mbele ya wateja.

Pili, sikugusa mfumo. Nilimbadilishia programu zilizomo ndani ya Windows ile ile. LibreOffice, ambayo ni mrithi wa ile OpenOffice, Firefox kwa ajili ya mtandao na VLC kwa ajili ya video zote ni huria na zote zinafanya kazi kwenye Windows. Nikamwachia wiki mbili. Kumbe sehemu kubwa ya uzito wa kuhama haimo kwenye mfumo endeshi wenyewe. Imo kwenye programu mtu anazozigusa kila siku. Akishazizoea hizo, siku ya kubadilisha mfumo anakuta nyuso anazozifahamu. Asipozizoea, umejua mapema na hujaharibu kitu.

Tatu, nilimjaribishia bila kufuta chochote. Mifumo hii mingi inaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ukaitumia, ukazima, na Windows ikabaki kama ulivyoiacha. Hapo ndipo unapojaribu printa, skana, waifai na sauti. Kama skana haionekani, bora uijue ukiwa bado na pa kurudi. Faili la kupakua ni kama GB 3, na najua bei za bando, kwa hiyo usimwambie mgeni akapakue mwenyewe. Pakua wewe, weka kwenye flashi ya GB 8, mpelekee. Huo ndio mkokoteni ninaousema.

Nne, nilimpa jina moja tu. Linux ina matoleo mengi mno, na sisi mashabiki tunapenda kuyapanga kama menyu ya hoteli: hili zuri kwa hiki, lile zuri kwa kile, lakini usisahau lile jingine. Mgeni anatoka amechoka kuliko alivyokuja. Mimi huwa nasema Linux Mint, basi. Lipo tangu 2006, limepangwa kwa namna ambayo mtu wa Windows halimbabaishi, na toleo la 22 lina uhakika wa masasisho hadi mwaka 2029. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 inalimudu vizuri. Kama mashine ni dhaifu, kuna toleo lake jepesi linaloitwa Xfce. Wewe mwenzangu mwenye toleo lako unalolipenda usiniandikie matusi. Siku mgeni akiwa mwenyeji atakuja mwenyewe kukuuliza.

Tano, nakala. Nakala mbili, kwenye vitu viwili tofauti, na mwenye mali azifungue mwenyewe aone vitu vyake vyote vimo. Katika mambo yote niliyoyaandika leo, ukisahau mengine yote, hili usilisahau.

Sita, nilirudi Jumatatu. Nikakaa pale pale dukani na kazi zangu za uandishi, nikisubiri litakaloharibika. Likaharibika moja, fonti za wanafunzi, tukaziweka, ikachukua dakika kumi. Mwaka 2019 dakika kumi hizo zingeokoa kila kitu isipokuwa zile picha.

Haya, hiyo ndiyo kompyuta. Sasa nihamie kwenye mitandao ya kijamii, maana kisa ni kile kile na kosa letu ni lile lile, ila mali inayopotea ni sauti yako na watu wako.

Mimi nilifungua ukurasa kwenye jukwaa moja kubwa nilipokuwa bado chuoni. Miaka sita niliweka humo picha za matukio, mahojiano mafupi, mijadala na wasomaji. Siku moja nikaamka nimefungiwa. Inaelekea kuna watu walijipanga kuripoti habari yangu moja wasiyoipenda. Nikakata rufaa, ikajibu mashine. Nikakata tena, ikajibu mashine ile ile kwa maneno yale yale. Hadi leo. Sikupoteza wafuasi tu, nilipoteza kumbukumbu za kazi yangu, kwa sababu nilizitunza kwenye nyumba ya mtu nikidhani ni yangu.

Na yanayonipata mimi peke yangu ni madogo. Januari 2021 serikali ya Uganda iliifunga Facebook wakati wa uchaguzi. Mei 2025 hapa kwetu mtandao wa X ukaacha kupatikana. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter, na mwaka uliofuata hata jina likabadilishwa. Mmiliki mmoja akiamua, au mdhibiti mmoja akiamua, nyote mmeamuliwa.

Mitandao iliyogatuliwa inajaribu kuliondoa neno hilo "mmoja". Maarufu zaidi ni Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko huko Ujerumani. Watu wengi huchanganyikiwa wakiambiwa kwamba haina makao makuu ya watumiaji, ina seva nyingi zinazoongea zenyewe kwa zenyewe. Mimi huwa nawaeleza kwa pesa za simu. Mnakumbuka zamani, ukiwa na pesa Airtel na mwenzako yuko Vodacom ilikuwa ni kimbembe? Kuanzia 2014 kampuni zetu zikaanza kukubaliana, Vodacom ikaungana nao 2016, na sasa unatuma tu bila kujali mwenzako yuko mtandao gani. Kila mtu na kampuni yake, lakini pesa inavuka. Mastodon ni hivyo hivyo: wewe uko seva hii, mimi seva ile, ujumbe unavuka. Lugha wanayoongea seva hizo inaitwa ActivityPub, na tangu Januari 2018 ni kiwango kinachotambuliwa na W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti. Seva yako ikikuchosha unahamia nyingine, na wafuasi wako unahama nao.

Tamu, sivyo? Novemba 2022 nililihubiri hili kama nilivyomhubiria dada. Nikaandika kwenye kila kundi la WhatsApp: hameni, hameni. Wakaja marafiki kumi na kitu. Wa kwanza akakwama palepale pa kuchagua seva. Wa pili akaingia, akakuta Wajerumani na picha za paka, akatafuta neno "Yanga", akapata kimya. Kufika Krismasi nilikuwa naongea peke yangu kama mlinzi wa usiku.

Niliwaita kwenye nyumba nzuri isiyo na watu wao. Mtu haendi mtandaoni kwa ajili ya programu, anawafuata watu. Kwa hiyo siku hizi simwambii mtu yeyote afute akaunti zake. Namwambia abaki huko aliko na afungue dirisha la pili. Simwiti mmoja mmoja, naita kundi dogo lenye sababu ya kuongea. Sisi wanane tuliosoma uandishi pamoja tulikubaliana seva moja, tukafunguana akaunti jioni moja, tukawekeana kanuni moja tu: habari ya mtu ikitoka gazetini, inawekwa humo kwanza. Ni wanane tu, lakini ni mwaka wa pili sasa na bado tunaongea. Hao wanane wana thamani kwangu kuliko maelfu niliowapoteza usiku mmoja.

Na wageni waambieni ukweli wote, pamoja na ule usiotangazwa. Ukihama seva ya Mastodon wafuasi wanakufuata, lakini maandiko yako ya zamani hayahami, kwa hiyo tunza nakala. Seva huendeshwa na watu, wengine wa kujitolea, na mtu wa kujitolea anaweza kuchoka au kukosa pesa akafunga. Chagua yenye uongozi unaoeleweka na ukiweza wachangie. Ujumbe wa faragha humo haujafungwa kwa namna ambayo mwendesha seva hawezi kuusoma, kwa hiyo mwandishi mwenzangu, usiongee humo na chanzo chako cha siri, tumia Signal. Bluesky nayo, iliyofunguliwa kwa umma Februari 2024, imejengwa ili igatuliwe, lakini watumiaji wake wengi sana wako kwenye mitambo ya kampuni moja. Ni nzuri, itumie, ila usimuuzie mtu kama kitu kisichokuwa bado.

La mwisho katika ukweli huo ni chungu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikaendelea kuwa hivyo kwa siku kadhaa. Siku hizo Mastodon haikunisaidia chochote. Seva zikiwa elfu na waya ukawa umekatwa, umekatwa. Kugatua mitandao kunamnyima mmiliki mmoja nguvu ya kukufuta, na kunamwongezea kazi anayetaka kuzuia, kwa sababu ana milango mingi ya kufunga badala ya mmoja. Hakumzuii mwenye swichi kuu. Hilo ni la sheria, la mahakama, la sisi wananchi na waandishi. Anayekwambia programu italimaliza anakudanganya kama mimi nilivyomdanganya dada.

Kuna mtu atasema, kwa masharti yote haya si bora kukaa kimya kila mtu atumie anachopenda? Hapana. Nimeona bei ya kukaa kimya. Kila laptopu inayotupwa wakati bado nzima ni ada ya mtoto wa mtu. Kila mwandishi anayefungiwa ukurasa bila kuwa na nakala ni habari zetu zinazofutika. Endeleeni kushauri. Ila ushauri wenu uwe na namba ya simu, na simu hiyo ipokelewe.

Nimalizie dukani. Siku ya kuhamisha ile kompyuta ya kwanza nilifika mapema, flashi mfukoni, hotuba sina. Ile ya pili tulikuwa tumekubaliana ibaki na Windows yake, tukaitoa kwenye mtandao, ifanye kadi za harusi tu. Tukajaribu skana kupitia flashi. Safari hii ikaonekana. Nikasema, haya dada, kabla sijagusa kitu tuanze na nakala.

Dada akafungua droo ya pesa, akatoa flashi mbili, zimefungwa raba na kuandikwa kwa kalamu ya wino: MOJA na MBILI.

"Nimenakili mwenyewe," akasema. "Vyote. Na vya juu pale. Wewe fanya yako."

Picha za bibi hazirudi, na sijawahi kumwomba dada anisamehe vizuri kuhusu hilo. Labda andiko hili ndiyo kuomba kwenyewe, maana najua huwa analisoma akiwa dukani wateja wakipungua. Dada, siku hizi inawaka haraka, eti?

Wenye kompyuta za zamani na maswali, niandikieni. Walioko Dar na flashi ya GB 8, njooni nayo, bando nimeshalimaliza mimi. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.